Mpira Uliopakwa Dizeli

Nyawira, mama yangu niliyemzaa mwenyewe,

Nimekuita Mama tangu siku ulipozaliwa, kwa sababu una jina la mama yangu, na kwetu anayepewa jina hupewa na heshima yake. Leo siwezi kukuita vingine. Kesho asubuhi baba yako anakuja kukuchukua akupeleke kwake Timau, nami nimekaa hapa mezani na kalamu ninayosahihishia vitabu vya wanafunzi. Ndiyo pekee iliyokuwa na wino. Usishtuke kwamba barua yote ni nyekundu, sikusahihishi.

Masweta, viatu vya mvua, dawa ya kifua, hayo yote Cucu, mwenye jina lako, ameshayasema. Jioni aliyarudia tena mpaka ukamwambia, "Cucu, naenda Timau, siendi mwezini," naye akakuuliza, "Kwani mwezini kuna baridi kama ya Timau?" Tulicheka sote watatu. Kisha macho yako yakakutana na yangu, na wewe ukawa wa kwanza kuacha kucheka. Hicho ndicho kilichonileta mezani.

Jumapili ulisema, ukiwa umenipa mgongo unakunja nguo, "Sidhani nitakuwa narudi huku." Hukusema kwa hasira. Ningepata nafuu kama ungesema kwa hasira. Nilishika upande wa pili wa shuka, tukalikunja pamoja, nikaondoka na lile shuka kana kwamba nilikuwa na kazi nalo.

Nenda kwa baba yako. Hilo silipingi. Ninachoogopa ni kingine: kwamba utaondoka ukiamini kuwa katika nyumba hii ulikuwa mgeni, na kwamba Guka, baba yangu, naye alikuhesabu mgeni. Mimi unaweza kuniweka mbali ukitaka. Yeye usimwache kwa sababu yangu.

Gari lake unalijua kuliko mimi. Ulilala kwenye kiti chake cha nyuma ukiwa mchanga, ukajifunza kuliendesha kati ya majani chai miguu yako ikiwa bado mifupi, na ni wewe uliyemshikia tochi alipokuwa akigombana na injini. Akisikia hatua zako uani alikuwa akipaza sauti, "Mke wangu mdogo amefika? Mwambie yule mkubwa atuletee chai!" Na Cucu, kutoka jikoni, "Mchukue kabisa! Mimi nimechoka kufua grisi." Wageni wapya walikuwa wanashtuka, wazee wa hapa walikuwa wanacheka. Una jina la mkewe, basi wewe ni mkewe. Mzaha wenyewe ni wa zamani kuliko sisi sote. Lakini nilikuwa nikimtazama usoni akiusema. Kwake haukuwa mzaha mtupu. Alikuwa anajivuna.

Kuna safari moja ya gari hilo ambayo sikuwahi kukusimulia. Nilikuwa kidato cha tatu na wewe ulikuwa tumboni, umeshaanza kuonekana. Guka alikuwa ananipeleka kliniki. Tulipokaribia soko la Nyeri mjini nikateleza kutoka kwenye kiti, nikajikunja chini, nyuma ya mgongo wake. Gari likasimama. Si pembeni, katikati ya barabara. Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi.

"Wairimu," akasema bila kugeuka, "viti viliwekwa vya kukaliwa."

"Baba, watu wataniona."

"Na wakiniona mimi pekee, nikiongea na hewa, watasema nini?"

Honi ziliongezeka. Mwanamke mmoja wa viazi alikuja mpaka dirishani kuuliza kama mzee ameugua. Guka akamwambia, "Hapana, nangoja msichana wangu akae vizuri." Hakuondoa mguu kwenye breki mpaka nilipokaa. Tukapita sokoni polepole, dirisha likiwa wazi, akisalimia watu upande huu na upande ule.

Kwa miaka mingi nilidhani siku ile ilinifundisha kitu. Haikunifundisha. Nilikaa kwa sababu aliniamuru, basi. Ndani yangu niliendelea kujikunja, na nilipopata elimu nikajifunza kujikunja kwa namna ambayo watu waliiita adabu.

Sasa nifike kwenye mazishi yake. Asubuhi ile niliamka kabla yenu nikaenda kulitazama gari. Rangi nyeupe ilikuwa safi, chuma cha bampa kilikuwa kinang'aa, lakini ule ukanda mweusi wa mpira unaopita katikati ya bampa ulikuwa umepauka kama viwiko visivyopakwa mafuta. Guka aliuosha kwa maji na sabuni tu maisha yake yote. Nikawaza magari ya ndugu zangu yanayotoka Nairobi, mapya, yamejipanga uani, na hili la marehemu mwenyewe likiwa la mwisho, limechakaa mdomo. Kando ya banda kulikuwa na mtungi wa dizeli ya mashine ya kukatia nyasi. Nikachovya kitambaa.

Nyawira, mimi ni mwalimu wa kemia. Kila mwaka nawaeleza watoto wa watu kwamba mafuta ya petroli na dizeli yanaingia ndani ya mpira kama maji yaingiavyo kwenye maharagwe, yanauvimbisha, yanaulegeza, na haurudi ulivyokuwa. Nilijua nikiwa nachovya. Nilijua nikiwa napaka. Niliusugua ukanda ule kuanzia pembe hadi pembe, ukawa mweusi kama siku ulipotoka kiwandani, na Mama Wangeci wa jirani akapita na sufuria lake akasema, "Ai, Mwalimu, leo hata gari imevaa." Nikafurahi. Baba yangu alikuwa kwenye jeneza nami nikafurahi kwa sababu ya bampa.

Jioni ya kabla yake, mjomba wako Ndirangu alikuwa ameniita kando. Unajua kwamba kwetu watoto wa marehemu huitwa kaburini nyumba kwa nyumba, kila mmoja na mwenzake na watoto wao, waweke shada la maua. Mzee wa kanisa aliyekuwa akiongoza shughuli alitaka kupangiwa.

"Wewe tukuite vipi?" Ndirangu akauliza. "Nikisema nyumba ya Wairimu, watu wa mbali watauliza mwenye nyumba ni nani."

Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa amechoka, alikuwa amefiwa na baba. Ningeweza kumjibu kwa neno moja: mimi. Badala yake nikasema, "Msituite. Tutaenda na Mama."

Kesho yake, kaburini, Cucu akaitwa wa kwanza, na wanawake wa kanisa wakamzunguka kwa vitambaa vyao vyeupe, wamemshika huku na huku, hata pa kupenyeza mkono hapakuwa. Kisha, "Nyumba ya Ndirangu!" Wakaenda. "Nyumba ya Githinji!" Wakaenda, hata kale kadogo kalikobebwa mgongoni. Wewe ulikuwa umeshika maua uliyochuma mwenyewe kando ya mto, umeyafunga kwa uzi.

"Mami, sisi tunaitwa na kina nani?"

"Ngoja."

Wakaitwa majirani. Wakaitwa wenzake wa kiwanda cha majani chai.

"Mami?"

"Ngoja kidogo."

Kisha vijana wakakusanya sepeto zao, na watu wakaanza kuondoka.

Tukiwa garini nilikuambia mzee wa kanisa alitusahau. Uliniamini papo hapo. Ukasema, "Maskini, amezeeka." Ulimhurumia. Neno hilo limekaa nami kuliko lolote uliloniambia baadaye, na mengine uliyoniambia baadaye yalikuwa makali.

Ulipomaliza mitihani yako, ukanda wa bampa ulikuwa umeharibika kabisa. Upande wa kulia ulivimba ukatoka kwenye mfereji wake, ukawa unaning'inia kama ulimi wa mbwa. Ukiugusa, weusi unabaki kidoleni. Upande wa kushoto, ambako dizeli haikufika sana, ulikuwa umekauka na kupasuka. Ulizunguka gari mara mbili, mikono kiunoni kama Guka. "Mami, hii imechapa. Lakini tunaweza." Ulisema tunaweza. Sikuwa nimekusikia ukisema sisi kwa muda mrefu.

Tulienda Majengo kwa yule mzee wa vipuri karibu na msikiti. Akatuambia mpira wa gari hilo hautengenezwi tena popote. "Ukitaka nzima, tafuta gari ingine kama hii imekufa," alisema, "na zote zimekufa isipokuwa yenu. Nani aliipaka dizeli?"

"Mwalimu wa kemia," ukasema, ukininyooshea kidole.

Akacheka mpaka akaegemea mlango. "Usijali, Mwalimu. Hata daktari huvuta sigara."

Wiki zile mbili, mama yangu, nitazikumbuka nikiwa mzee kuliko Cucu. Tulifungua nati ndogo za nyuma ya bampa, zile zilizoshikwa na kutu hata ukalala chini ya gari ukiwa na spana na kuziita majina ambayo nilijifanya sikuyasikia. Tukautoa ukanda wote, tukaulaza juu ya mabati kivulini, tukauosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kila siku tena, tukiacha dizeli ijitokee yenyewe. Nilitaka kuuanika juani uwahi. Ulinikataza. Ukasema jua litaoka nje na kuacha ndani ikiwa mbichi, kama mandazi ya shuleni. Ulisema kweli. Uvimbe ulishuka polepole, si wote.

Nyufa za kushoto nilizijaza mimi, kwa ile gundi ya kukauka mara moja. Zikashikana vizuri sana. Nilijisifu. Tulipoukunja ukanda kidogo kuujaribu, gundi ikalia kama kijiti kikivunjika na ufa ukarudi, mrefu kuliko mwanzo. Ulinitazama tu. Kitu kinachotakiwa kupinda siku zote nilikuwa nimekitia kitu kisichojua kupinda. Tukaanza upya: tukakwangua yote kwa wembe, tukaingiza ile gundi nyeusi nzito wanayobandikia vioo vya magari, ambayo hata ikikauka hubaki laini, ukailainisha kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni. Tukangoja siku nzima. Kisha msasa na maji, taratibu, mpaka mkono haukuweza kujua ufa ulianzia wapi.

Tulikuwa kwenye msasa Ndirangu alipoingia uani. Alikuwa na furaha siku hiyo.

"Nyinyi, mnashona gari?"

"Tunaipaka mekapu, Anko," ukamjibu. "Ikuwe kama ya bibi yako."

"Usiseme hivyo, bibi yangu atasikia."

"Nitamwambia. Na wewe nakudai. Ulimwacha yule mzee wa kanisa atusahau kwa mazishi, na ulikuwa umesimama hapo karibu naye."

Ulikuwa unatania. Uso wako ulikuwa unatania. Ndirangu akaacha kucheka, akanitazama mimi, kisha akatazama viatu vyake. "Nani alisahau?" akasema. "Hakuna mtu alisahau. Uliza mama yako." Na kwa kuwa yeye si mtu wa kukaa mahali penye ukimya, akasema ng'ombe wanamngoja, akaenda.

Mimi niliendelea na msasa. Nilisugua palepale, palepale, mpaka nikapita ile gundi laini nikafikia ufa chini yake. Ulinyoosha mkono ukanichukulia msasa.

"Ni ukweli?"

"Nilitaka kukukinga."

"Na nani?"

"Na watu. Wangeuliza."

"Watu gani, Mami? Wote pale walikuwa wananijua. Wamenijua tangu nizaliwe. Hata yule wa viazi sokoni ananijua. Ni wewe tu ulikuwa unanificha."

Nikasema lile baya zaidi, nikasema, "Utaelewa ukizaa." Ukainuka ukaenda kunawa mikono.

Nimelitafakari kila siku tangu hapo, na hii ndiyo hesabu yangu, isome kama ya mtu anayejifunza akiwa amechelewa. Nilipoulizwa tuitwe vipi, sikukufikiria wewe. Nilimfikiria yule msichana aliyejikunja nyuma ya kiti. Nilidhani nakuokoa na macho yaliyoniumiza mimi, na macho yale wewe hukuwahi kuyaona. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti maisha yako yote, dirisha wazi, unasalimia. Mimi ndiye niliyekushika kichwa nikakuinamisha, siku ya kumzika mtu aliyenikataza kabisa nisiiname. Mtoto akifichwa hajui anafichwa na nini. Anajua tu kwamba kuna kitu cha kufichwa, na anapojitazama haoni kingine isipokuwa yeye mwenyewe.

Siku iliyofuata niliamini umeacha kazi. Nikakukuta bandani, umeshawasha ile draya yangu ya nywele, unaupasha ukanda joto ili ukubali kupinda kwenye pembe. Hukunisalimia ila ulinisogezea kiti. Tukafanya kazi. Tulipoanza kuurudisha kwenye mfereji, ikaonekana ni mfupi. Mpira wa miaka mingi hunywea. Ule wetu ulikuwa umevimba huku na kunywea kule, na ncha ya kushoto haikufika mwisho. Nikaivuta. Ikafika. Nikakuambia ushike nati.

"Usivute," ukasema.

"Imefika, shika."

"Mami, imefika kwa sababu umeishikilia. Ukiiwachilia itarudi, na itatoka na zile viraka zote. Isukume irudi. Ikae venye inataka."

"Itabaki pengo."

"Wacha ibaki."

Nilishikilia ile ncha. Sijui kama uliona kwamba nilikuwa nalia. Nadhani uliona, kwa sababu uliinama ukajishughulisha na bisibisi. Mwishowe vidole vilichoka, nikaachia. Uliusukuma ukanda kutoka katikati, kidogo kidogo, bila kuulazimisha, ukafunga nati zako. Pengo lipo, upana wa kidole gumba, chuma kinaonekana. Kazi yote iliyobaki ni nzuri sana. Mzee wa vipuri aliiona Jumamosi akapiga mluzi.

Jioni ile nilijaribu kuponya na lile la mazishi. Nilikuambia twende kaburini, wewe, mimi na Cucu, nikuite kwa jina lako, kwa sauti, nyumba ya Wairimu, uweke maua. Nilikuwa nimelifikiria mchana kutwa. Nilikuwa nimeona mpaka nguo utakayovaa. Ulinisikiliza mpaka mwisho, kwa upole ambao sikuustahili.

"Mami," ukasema, "watu walienda."

Basi. Sikujua mpaka dakika ile kwamba kuna mambo ambayo yana siku yake moja. Nimesoma vitabu vingi, Nyawira, nikaamini kwamba kila kosa lina namna ya kurudiwa, kama jaribio la maabara. Unamwaga, unaosha chupa, unaanza upya. Mengi yako hivyo. Hili haliko hivyo, na sitakudanganya tena kwamba liko hivyo ili tu ulale.

Kesho yake uliniomba namba ya baba yako. Nilikupa. Nilisimama nyuma ya mlango, ndiyo, nikakusikia. "Halo? Ni Kinoti? … Mimi ni Nyawira. … Eeh, huyo wa Nyeri. … Hapana, hakuna mtu amekufa." Kisha ukacheka kwa kitu alichosema, kicheko ambacho sikukijua.

Ujue hili kumhusu, kwa kuwa nimekuacha ukidhani ni mtu aliyetupa mgongo. Hakutupa mgongo. Alikuwa kijana wa lori la ngano, mpole, mwenye haya, na alitaka kuja kwa baba yangu na wazee wake tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyemwambia asubiri nimalize shule. Nikamaliza. Nikamwambia asubiri nimalize chuo. Nikamaliza. Kisha nikamwambia wewe umeshazoea na asikuvuruge. Viazi vile vya Timau vilivyokuwa vinafika kila mavuno, ambavyo Cucu alisema vimetoka kwa rafiki wa Guka, vilikuwa vyake. Guka alivipokea, wakazungumza na Kinoti barazani kama wanaume wawili wenye jambo moja, na wote wawili waliningoja mimi. Guka alikufa akiningoja.

Kwa hiyo siwezi kusema usiende. Unakwenda kwa mtu aliyekuwa na haki ya kukuona ukipoteza meno ya kwanza. Anatengeneza zile kombaini kubwa za kuvunia ngano, na amesema utashika spana kutoka siku ya kwanza, na nilipoliona neno hilo likiingia usoni mwako nilimwonea wivu mtu ambaye nilimnyima kila kitu. Mtafanana. Tayari mnafanana, unapofikiri unauma upande mmoja wa mdomo, na kwetu hakuna anayefanya hivyo.

Lakini usiende kama aliyefukuzwa. Nyumba haikukufukuza. Ndirangu ananisumbua tangu Jumapili, anauliza nani sasa atamsaidia na mashine ya nyasi, na ukimjua utajua hiyo ndiyo namna yake ya kulia. Cucu amelala na sweta lako la shule chini ya mto wake, akidhani sijaona. Aliyekuweka pembeni alikuwa mtu mmoja, na alikupenda akikuweka pembeni, na kupenda kwake hakukupunguza chochote kwenye yale maumivu. Naliandika hilo si kwa kujitetea. Naliandika kwa sababu utapenda watu, na siku moja utamfanyia mmoja wao jambo baya ukiwa umejaa huruma, na ningependa uwahi kulitambua kuliko mimi.

Leo mchana, ulipokuwa kwa kina Wangeci ukiaga, nilimpigia baba yako simu. Nilitaka kumweleza mambo yako. Nikamwambia hupendi kuamshwa kwa kuitwa, unapenda kuguswa bega. Nikamwambia ukikasirika unakuwa mpole, kwa hiyo asidanganyike na upole. Nikamwambia unaogopa radi na hutakubali. Niliendelea kwa muda mrefu, naye hakunikatiza hata mara moja, na katikati ya maneno nikatambua ninachofanya: nilikuwa nakukabidhi. Nikaishia hapo.

"Nimeshika yote," akasema. Kisha, "Na wewe, Wairimu, utakuja kumwona lini?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nilikuwa nimeshapanga likizo ya Aprili, nimeshachagua siku. Nikalimeza. Nikamwambia, "Hilo si langu kusema. Wala si lako."

Kwa hiyo sitakuuliza utarudi lini. Sitakuja bila wewe kusema. Asubuhi nitakubebea begi mpaka langoni, nitamsalimia baba yako kwa mkono, mbele ya Ndirangu na mbele ya jirani yeyote atakayekuwa amesimama, na nitasema, "Huyu ni binti yetu." Halafu nitawaacha muende.

Simu yangu haitazimwa. Ikiwa ni mwezi ujao, au baada ya mavuno, au baada ya miaka, na hata ikiwa unataka tu kunigombeza, niite. Nitakuja.

Ni mimi, ninayetembea na jina lako popote niendapo,

Mama Nyawira